Nani alisema fedha hushika ligandi mbili tu?

Kazi yangu ni kupima miundo ya fuwele. Sampuli za kampaundi changamano za fedha (metali, Ag) hunijia na mchoro, na mchoro ni uleule: atomi ya fedha katikati, ligandi (molekuli au ioni inayoishika metali) moja kushoto, nyingine kulia, mstari umenyooka kama rula. Nikiuliza umejuaje kabla hatujapima, naambiwa, "Si fedha(I), yaani Ag⁺, huwa na namba ya uratibu mbili, majirani wawili tu?"

Hapana. Na hili ndilo linalonichosha kuliko yote.

Dhana hii ina chanzo. Fedha na amonia hutoa [Ag(NH₃)₂]⁺, fedha na sianidi hutoa [Ag(CN)₂]⁻, na zote mbili kweli zimenyooka. Hiyo ndiyo mifano inayofundishwa, basi watu wakaifanya sheria. Lakini Ag⁺ ina obiti za 4d zilizojaa elektroni zote 10, kwa hiyo hakuna umbo ambalo elektroni hizo zinalipendelea. Wanaoamua ni wengine: ukubwa wa ligandi, anioni (ioni hasi), kiyeyushi na jinsi fuwele inavyojipanga.

Angalia chumvi za kawaida kabisa. Katika kloridi ya fedha kila ioni ya fedha imezungukwa na kloridi 6. Katika iodidi, kwenye joto la kawaida, majirani ni 4. Ukiipasha kupita nyuzi 147 za Selsiasi, ioni za fedha zinaanza kutangatanga ndani ya fuwele. Asetonitrili nne huishika fedha kwa umbo la tetrahedroni, na piridini nne hufanya vivyo hivyo. Trifenilifosfini nne pia huenea, ila zinabanana. Weka fosfini (ligandi ya fosforasi) nene zaidi, yenye vikundi vya mesitili, zinabaki mbili na mstari unanyooka. Atomi inayotoa elektroni ni fosforasi ileile. Kilichobadilika ni nafasi.

Anioni nayo si mtazamaji. Nitrati hupenda kuishika fedha, wakati heksafluorofosfeti kwa kawaida hukaa pembeni. Ukibadilisha chumvi uliyoanza nayo, usishangae kupata muundo mwingine kabisa. Hata urefu wa vifungo usiulinganishe kwa macho makavu: rediasi ya Ag⁺ ni takriban pikometa 67 ikiwa na majirani wawili, na 115 ikiwa nao sita.

Dhana nyingine ninayoisikia: uwiano wa fedha na ligandi ukiwa 1:1, maana yake ni molekuli moja. Hapana. Mara nyingi ni polima, yaani mnyororo unaojirudia. Nitrati ya fedha na 4,4′-bipiridini hutoa minyororo isiyo na mwisho, kisha fedha za minyororo jirani hukaribiana hadi pikometa 300 hivi, kila fedha ikawa na umbo la T. Uchambuzi wa elementi hautakuonyesha hayo hata kidogo.

Dhana nyingine: kilichomo kwenye fuwele ndicho kilichomo kwenye myeyusho. Sivyo. Ligandi za fedha(I) hubadilishana kwa kasi kubwa. Asetonitrili, ambayo kila mtu huikimbilia kwa sababu inayeyusha karibu kila kitu, yenyewe ni ligandi na itaifumua polima yako. Ikiwa una fosfini, nakusihi: usiniletee spektra ya NMR (kipimo cha viini vya atomi ndani ya sumaku) ya fosforasi iliyochukuliwa kwenye joto la chumba ikiwa na kilele kimoja kipana. Ishushe hadi nyuzi −80. Ubadilishanaji ukipungua vya kutosha utaona seti mbili za mwachano, yaani vilele vilivyogawanyika, kwa kuwa ¹⁰⁷Ag na ¹⁰⁹Ag zote zina spini ½ na zinakaribia nusu kwa nusu. Uwiano wa vigezo viwili vya J (ukubwa wa mwachano wa kila seti) ni takriban 1.15. Ukiupata, fosforasi imeshikana na fedha, hakuna ubishi.

Wengine husema: fedha mbili zikiwa chini ya pikometa 344, zimefungamana. Hiyo ni jumla ya rediasi za van der Waals (umbali ambao atomi mbili zisizofungamana hugusana), si cheti cha ndoa. Mvutano kati ya fedha na fedha upo kweli, lakini ni dhaifu, na kaboksileti inayozishika zote mbili inaweza kuzisogeza bila zenyewe kutaka. Kwanza tazama nani amezishika.

Husemwa pia kwamba kampaundi za fedha hazina rangi, na zote huharibika kwa mwanga. Si kweli. Fosfati ya fedha ni njano, kromati yake ni nyekundu ya tofali. Rangi hutokana na uhamisho wa chaji. Nitrati ya fedha iliyo safi huvumilia mwanga vizuri, ikichafuliwa na vitu vya kikaboni ndipo hugeuka nyeusi. Funga kwa foili tu, haigharimu kitu.

Na dhana kwamba fedha ni +1 basi? Hapana. [Ag(py)₄]²⁺ ni fedha(II), mraba bapa, ina elektroni moja isiyo na mwenzi. Fedha(III) ipo pia, mraba bapa vilevile.

La mwisho ni la usalama: kitendanishi cha Tollens (myeyusho wa fedha na amonia wa kupimia aldehidi) hakihifadhiwi. Kikikaa hutengeneza mashapo yenye nitridi ya fedha, ambayo yakikauka hulipuka kwa kuguswa tu. Tengeneza kiasi cha leo, ukimaliza kitie asidi ya nitriki nyepesi papo hapo.