Dizeli kuukuu ikikosa nguvu, usianze na pampu

Land Cruiser ya injini ya 1HZ ikianza kuchoka mlimani, hukumu ya haraka ni kwamba pampu ya dizeli imekufa. Mara nyingi sivyo. Injini hii haina turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), na pampu yake yenyewe ndiyo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi. Kizuizi au tundu dogo kwenye njia hiyo ya mafuta huiba nguvu, na pampu ndiyo hulaumiwa.

Tazama moshi gari likiwa na mzigo. Mweusi tii: mafuta yapo, hewa haitoshi, kagua filta ya hewa. Hakuna moshi na gari halivuti: injini ina njaa ya mafuta. Moshi mweupe hata injini ikiwa ya moto huelekeza kwenye noozo (zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini), taimingi (wakati wa kunyunyiza) au kompresheni (mgandamizo wa hewa).

Kwa njaa, badilisha filta ya dizeli, kisha unganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu. Mapovu yakipita mfululizo, hewa inaingia kwenye klipu iliyolegea au mpira uliopasuka. Mahali hapo hapavuji mafuta kwa sababu panavuta, ndiyo maana watu hawapaoni.

Kipimo cha uhakika: ning'iniza dumu safi la lita 5 lenye dizeli juu kuliko pampu, lilishe pampu moja kwa moja, ujaribu gari. Nguvu zikirudi, pampu haina kosa.

Kama pampu ilifunguliwa karibuni, kagua bolti yake iliyoandikwa OUT, ya mafuta yanayorudi kwenye tangi. Ina tundu jembamba. Ikifungwa upande wa kuingizia, hubana mafuta.