Namba 46 haina Kawangware ndani yake

Mgeni aliyeshuka Nairobi leo asubuhi anaweza kuisoma namba 46 kwenye matatu sawasawa na wewe. Anajua inatangulia 47 na kuifuata 45. Asichojua ni kwamba akiipanda itampeleka Kawangware, kwamba 58 ingemfikisha Buruburu na 111 Ngong. Umbo la tarakimu hizo halielekei upande wowote wa jiji. Ni mapatano tu, yaliyoanza enzi za mabasi ya zamani, matatu zikayarithi, na wakazi wakayashikilia mpaka mambo yakageuka: leo mtu hukwambia anaishi Githurai 45, na wala hazungumzii gari. Namba ya njia imekuwa jina la mtaa, na jirani yake 44 vivyo hivyo.

Tangu programu za akili unde zianze kujibu kwa Kiswahili kinachosomeka, sisi tunaofundisha isimu tunaulizwa swali lile lile: je, mashine inaelewa inachosema? Ukijibu ndiyo au hapana papo hapo, humsaidii aliyeuliza. Afadhali tutazame kwanza jinsi alama yoyote, iwe mlio, neno au namba, inavyopata maana kwa viumbe hai. Na kwa bahati nzuri, mojawapo ya majaribio bora kabisa kuhusu jambo hili lilifanyika hapa hapa Kenya.

Huko Amboseli, watafiti Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walificha vipaza sauti vichakani na kuwapigia tumbili milio ya tahadhari iliyorekodiwa kutoka kwa tumbili wenyewe. Matokeo waliyachapisha mwaka 1980 pamoja na Peter Marler. Ulipopigwa mlio wa chui, tumbili walikimbilia mitini. Wa tai uliwafanya watazame juu na kujitosa vichakani. Wa nyoka uliwafanya wasimame kwa miguu ya nyuma wakikagua nyasi. Kumbuka hapakuwa na chui, tai wala nyoka, ila sauti peke yake, na kila sauti ilikuwa na jambo lake.

Watoto wa tumbili ndio wanaofundisha zaidi. Mtoto hutoa mlio wa tai kwa ndege wengi wasio na madhara yoyote, na pengine hata kwa jani linaloanguka. Hazui tu ovyo, kwani kitu chenyewe kiko hewani. Ila mipaka bado hajaijua. Akipatia, wakubwa huelekea kuuitikia mlio wake kwa mlio kama huo. Akikosea, mara nyingi wakubwa hao hunyamaza. Hivyo alama inachongwa polepole mpaka inabaki na ndege wa hatari tu. Baadaye Cheney na Seyfarth walijaribu jambo jingine: walirudia rudia mlio wa tumbili mmoja bila lililotangazwa kutokea. Wenzake walimchoka. Hawakuacha kuuamini mlio huo kwa wote, walimpuuza yeye.

Ninavyoona mimi, sehemu hii husahauliwa sana katika mijadala ya maana. Watu hudhani inatosha kuiunganisha alama na kitu: huyu ndiye tai, huu ndio mlio wake. Lakini kinachoushikilia muungano huo usilegee ni kwamba kuna anayeumia ukikosewa, na kuna kundi linalosikiliza na kusahihisha.

Sisi binadamu tuna njia ya pili ambayo tumbili hawana. Mwaka 1990 mtafiti wa akili Stevan Harnad aliuliza swali linalokera kwa urahisi wake: mtu asiyejua neno lolote la lugha fulani ataijifunzaje kwa kamusi ya lugha hiyo hiyo peke yake? Kila neno litamtuma kwa jingine, na hilo kwa jingine, azunguke bila kutua. Jibu lake ni kwamba lazima maneno machache yatie mizizi katika kuona, kugusa na kutenda. Baada ya hapo mengine hujengwa juu yake. Mfano alioutoa ni wa mnyama ambaye hujamwona: ukimjua farasi na ukaijua mistari, unaweza kuambiwa kwamba yuko farasi mwenye mistari, na siku ukikutana naye utamtambua. Wazee wetu walikwisha lifanya hilo kwa jina lenyewe la punda milia.

Na tusijidanganye kwamba sisi tumegusa kila tunachokitaja. Wakazi wengi wa Nairobi hawajawahi kushika theluji, ila wanajua ni baridi, ni nyeupe, huyeyuka, na kwamba ndiyo inayong'aa kileleni mwa Mlima Kenya. Watu wengi waliozaliwa bila kuona wanajua kuwa wekundu unakaribiana na rangi ya chungwa kuliko na buluu, na wamejua kwa kusikia watu wakizungumza. Maneno yana uwezo mkubwa wa kubeba dunia.

Uwezo huo ndio mashine inaoutumia. Modeli ya lugha, iliyo ndani ya programu hizo za akili unde, hujifunza kwa kubashiri kipande cha maandishi kinachofuata, mara nyingi mno, na katika kubashiri huko kila neno hugeuka kuwa orodha ndefu ya namba. Maneno yanayoandamana na wenzake wanaofanana hupata orodha zinazokaribiana. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alikwisha kudai mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa wenzake. Kompyuta zilihitaji miongo kadhaa kulitekeleza wazo hilo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2013 kundi la Tomas Mikolov huko Google lilionyesha kwamba ukichukua orodha ya mfalme, ukaondoa ya mwanamume na kuongeza ya mwanamke, unaangukia karibu na malkia. Hakuna aliyeifundisha mashine ukoo wa kifalme.

Chukua mbuzi. Pengine neno hili huandamana na nazi, kukuna na tui; pengine na zizi, maziwa na nyama choma. Modeli za 2013 ziliwachanganya mbuzi hao wawili katika orodha moja. Usanifu wa modeli uitwao Transformer, uliochapishwa 2017, huliwekea neno namba tofauti kulingana na sentensi lilimo, kwa hiyo chombo cha jikoni na mnyama hutengana. Mashine haijawahi kukuna nazi.

Mwanafalsafa John Searle alidai mwaka 1980 kwamba kazi kama hiyo si kuelewa. Mtu aliyefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni anaweza kujibu barua za Kichina kwa kulinganisha maumbo tu, na walio nje wakadhani anakijua Kichina. Hoja ina nguvu, ila kwangu inapita kando ya jambo moja: maandishi yaliyoilisha mashine yaliandikwa na watu waliokwisha kuona, kugusa na kuungua. Mizizi ipo, ila ni ya watu wengine. Hata picha zilipoongezwa, kama katika modeli ya CLIP ya mwaka 2021 iliyofunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maelezo, waliopiga picha na kuziandikia maelezo walikuwa watu.

Kwa hiyo mashine huwa imara pale ambapo wengi wameandika, na hulegea pale ambapo ujuzi uko mdomoni. Sheng ya mtaa mmoja wa Eastlands, ambayo hubadilika kabla haijaandikwa popote. Lugha zetu za mama. Stendi iliyohamishwa juzi na kanjo, yaani askari wa jiji. Hapo itakujibu kwa ufasaha ule ule inaotumia kuhusu mfalme na malkia, na ufasaha huo haukudokezei lolote. Ukiiuliza dozi ya dawa ya mtoto kwa Kiswahili, mwonyeshe mfamasia jibu kabla ya kufungua chupa.

Na wakubwa wa kusahihisha je, mashine inao? Inao, na baadhi yao wako Nairobi. Vijana wa jiji hili wamelipwa kuchora mipaka ya magari na watembea kwa miguu kwenye picha, ili kompyuta ijue mtu ni kipi na kivuli ni kipi. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kuhusu Wakenya waliosoma na kuweka alama maandishi ya ukatili na unyanyasaji, kwa chini ya dola 2 kwa saa, ili ChatGPT ifunzwe kuyaepuka. Programu ilihitaji mifano iliyokwisha kuamuliwa na mtu kwamba hii ni mibaya. Baadhi ya wafanyakazi hao wameeleza hadharani kwamba kazi hiyo iliwaachia majeraha ya akili. Kichujio kilichofunzwa kwa maamuzi yao husoma maandishi ya aina hiyo hiyo mchana kutwa, wala hakihitaji mshauri nasaha.