Kufanywa Upya Nia: Yanayosemwa na Yaliyoandikwa

Katika makanisa ya Mtwara na Lindi, kuanzia parokia za mjini hadi vigango vya juu katika uwanda wa Makonde, ni nadra mwaka kwisha bila Warumi 12:2 kuhubiriwa: "Wala msiifuatishe namna ya dunia hii, bali mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu." Mstari huu tumeuzoea mno, hata wengi wetu huumalizia kabla ya msomaji kufika mwisho, na mazoea hayo yameziachia nafasi dhana kadhaa ambazo mtume Paulo hakuziandika.

Dhana ya kwanza ni kwamba nia hufanywa upya siku moja, mtu anapookoka au anapotoka katika maji ya ubatizo, na kwamba anayeendelea kupambana na mawazo yake ya zamani hakuokoka sawasawa. Ukweli ni kwamba Paulo aliwaandikia agizo hili watu waliokwisha kubatizwa, kama sura ya 6 ya waraka huo huo inavyoonyesha. Kitenzi alichotumia katika Kiyunani kimo katika wakati wa sasa, yaani kinadai jambo linaloendelea, na kimo katika kauli ya kutendwa, kama Kiswahili chetu kilivyokihifadhi vizuri: si "jigeuzeni" bali "mgeuzwe". Anayegeuza ni Mungu kwa Roho wake. Sisi tunaitwa tusimzuie, na tuendelee kujiweka mahali anapofanyia kazi. Kwa Wakorintho anasema wazi kwamba utu wetu wa ndani unafanywa upya "siku kwa siku". Mkulima wa korosho wa Tandahimba hapulizi salfa mara moja akafunga kazi ya msimu. Huirudia, kwa sababu machipukizi na maua hayatoki kwa pamoja, na ugonjwa wa ubwiri unga hushambulia hata kile kilichochipua jana. Mawazo ya mtu nayo huchipua hivyo: aliyeshinda wivu akiwa maskini hukutana nao upya, kwa sura nyingine, siku fedha za mnada wa korosho zinapoingia.

Dhana ya pili imeenea zaidi, na kwa kuwa inafanana sana na bidii ya kweli ninaiona kuwa ya hatari zaidi: kwamba anayesoma sura nyingi au kukariri mistari mingi tayari amefanywa upya. Injili ya Mathayo, sura ya 4, inatuonyesha Shetani mwenyewe akinukuu Zaburi ya 91 mbele ya Yesu, na kuinukuu hakukumbadilisha chochote. Kukariri ni jambo jema, nami nawasihi wazazi wasiliache, lakini ni kama kuweka chakula ghalani. Maandiko yenyewe yanataja kazi nyingine, kutafakari. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa hivyo katika Zaburi ya 1 na Yoshua 1:8 lina maana ya kutoa sauti ya chini, ya kunong'ona na kurudia. Ndilo hilo hilo linalotumika katika Isaya 31:4 kwa simba angurumaye juu ya mawindo yake. Ndiyo maana Yoshua aliambiwa kitabu cha torati kisiondoke "kinywani" mwake, ingawa sisi tungetazamia kusikia kisiondoke machoni.

Hapo ndipo inapoanguka na dhana kwamba kazi hii ni ya wasomi. Kwa karne nyingi waumini walio wengi hawakuwa na kitabu mkononi. Waliisikia Biblia ikisomwa, wakaibeba mdomoni. Namfahamu mama mmoja wa Masasi, mbanguaji wa korosho, ambaye ncha za vidole vyake zimebabuka na kuwa nyeusi kwa mafuta ya maganda, na huwa haigusi Biblia yake akiwa kazini asije akaichafua. Mjukuu humsomea mstari mmoja tu, naye huurudia chini chini huku akibangua. Wiki niliyowatembelea ulikuwa Waefeso 4:29: "Neno lo lote lililo ovu lisitoke vinywani mwenu, bali lililo jema la kumfaa mwenye kuhitaji." Siku ya tatu mtoto yule alijikwaa akamwaga ungo mzima wa korosho zilizokwisha kubanguliwa, zikatawanyika mchangani. Bibi alifungua kinywa, akakaa kimya kwa kitambo, kisha akasema, "Okota, mjukuu wangu, tutazipepeta." Mstari aliokuwa akiurudia uko mistari sita tu baada ya ule unaosema "mfanywe wapya katika roho ya nia zenu", na sidhani kwamba ukaribu huo ni wa bahati.

Wengine huifundisha nia mpya kuwa ni kuwaza mazuri tu, hata mwenye huzuni nzito huambiwa hajalishika Neno. Zaburi zinakataa fundisho hilo, kwa maana sehemu kubwa yake ni vilio vilivyopelekwa mbele za Mungu bila kupambwa. Asiyelala kwa majuma mengi, au aliyepoteza kabisa hamu ya kuishi, aombewe na apelekwe hospitali. Pale Ndanda hospitali ya Wabenedikto imejengwa jirani na abasia yao, na watu wa huko hawajawahi kuambiwa wachague kati ya sala na tiba.

Ipo pia dhana kwamba "namna ya dunia hii" maana yake ni mila zetu, na kwamba Mkristo aliyefanywa upya ni yule aliyeacha kila alichorithi. Historia ya Masasi ina somo hapa. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1926, hakuipiga marufuku jando. Aliifanyia kazi pamoja na Wakristo wenyeji, yaliyopingana na Injili yakaondolewa na mengine yakawekwa chini ya sala na mafundisho. Mtu anaweza kutokubaliana naye katika hili au lile, lakini njia aliyoifuata ndiyo inayotajwa mwishoni mwa mstari wetu, "mpate kujua hakika mapenzi ya Mungu", yaani kupima na kupambanua. Tamaa, majivuno na kisasi ni namna ya dunia hii hata vikivaa suti.

Dhana ya mwisho ni kwamba jambo hili ni la mtu na Biblia yake chumbani. Kiswahili hakituruhusu kusema hivyo, kwa kuwa kimeandika "nia zenu", na mstari unaofuata unaonya kila mtu "asinie makuu kupita ilivyompasa kunia", onyo ambalo halina maana kwa mtu anayeishi peke yake. Katika jumuiya moja ya wilaya ya Newala nilikuwapo sura hiyo iliposomwa hadi mstari wa 18: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Mzee mmoja, msomaji hodari wa Maandiko, alikuwa na ugomvi wa miaka na mdogo wake juu ya mpaka wa mikorosho. Mama aliyeketi karibu na mlango alimwuliza kwa heshima, "Baba, kwa upande wako, umebakiza nini?" Hakujibu, na Jumamosi iliyofuata hakuja. Jumamosi ya pili alikuja na mdogo wake, na baada ya sala wote wawili walituomba tufuatane nao shambani tukashuhudie wakipanda minyaa mpakani.