Neno "tuzo", na riwaya iliyomchosha shemeji

Shemeji yangu alinirudishia Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, wiki iliyopita. Alama yake, risiti ya mafuta aliyoikunja, ilikuwa kwenye ukurasa wa thelathini na kitu. "Hii ndiyo iliyochukua Nobel?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa embe bichi. Si yeye wa kwanza. Tangu Oktoba 2021 nimelisikia swali hilo mpaka nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Tuzo ni kitu, fedha au heshima anayopewa mtu kwa kazi nzuri. Hapo hatugombani. Tunagombania nani anayetoa.

Neno lenyewe limetokana na kitenzi tuza, ambacho wengine hukitamka tunza. Ndiyo maana utakutana na tuzo na tunzo, yote sawa. Tunza ya kulea mtoto kila mtu anaijua. Ipo nyingine, ya ukumbini. Mwimbaji wa taarabu anafika kwenye ubeti uliomgusa mtu. Mama mmoja anainuka kitini, anakwenda mbele akicheza taratibu, noti ya elfu tano juu mkononi ili na wengine waione (hasa yule mmoja anayepigwa kijembe), anaitoa, anarudi kukaa. Huko ndiko kutuza. Aliyeguswa ndiye anayetoa, anatoa chake, na wimbo bado unaendelea. Hakuna aliyeulinganisha na wimbo mwingine wowote.

Neno hilo hilo tukalipa kazi ya pili, likaja na harufu ya ukumbini. Ukisikia "riwaya iliyopata tuzo" unadhani ukumbi mzima ulisimama. Kumbe Booker, tuzo ya riwaya ya Uingereza iliyoanza 1969, huamuliwa na jopo dogo, kwa kawaida watu watano, wanaoshindanisha vitabu vya mwaka mmoja. Tuzo ya Safal-Cornell ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea hata miswada, kwa hiyo kazi inaweza kushinda kabla msomaji hajapata pa kuinunua. Hao ni majaji, wanapima. Wangestahili kutafutiwa neno lao, ila tumeshachelewa.

Nobel ya Fasihi nayo ina lake: hupewa mwandishi, si kitabu. Mwaka 2021 alipewa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kwa kazi zake kwa ujumla. Paradise, ambayo Ida Hadjivayanis aliitafsiri kuwa Peponi, ilitoka 1994 na mwaka huo huo ikateuliwa kuwania Booker. Aliyeshinda ni James Kelman wa Scotland. Hapa pia pana ulimi unaoteleza: watu husema "iliteuliwa", wakaimeza "kuwania", na msikilizaji akaondoka akijua imeshinda. Kuteuliwa kuwania ni kuitwa uwanjani tu. Shemeji basi alikuwa anaitafuta Nobel ndani ya kitabu ambacho hakuna aliyekipa Nobel.

Kuchoka kwake hakunishangazi. Mwaka 2014 watafiti Balázs Kovács na Amanda Sharkey walichapisha ulinganisho wa maoni ambayo wasomaji walikuwa wameyaandika mtandaoni kuhusu vitabu vilivyoshinda na vile vilivyoishia kuwania. Tuzo zikishatangazwa, alama za vilivyoshinda zilishuka kuliko za wenzao. Maelezo yao mojawapo ni kwamba ushindi huvuta wasomaji ambao kitabu hicho si cha ladha yao, ambao bila lile tangazo wangekipita dukani bila kukigusa. Mpenzi wa riwaya za upelelezi anakinunua kwa sababu ya redio, halafu anasubiri maiti ya kwanza hadi ukurasa wa mia.

Kwa hiyo, shemeji, sema "riwaya ya mwandishi aliyeshinda Nobel". Ni maneno mawili zaidi. Na kama imekuchosha, sema imekuchosha. Hukuwa kwenye jopo, na noti ni yako. Ila pale ulipoikunja risiti, Yusuf ndiyo kwanza amefikishwa pwani kwa tajiri Aziz kwa deni la baba yake. Msafara wa kwenda bara haujafungwa hata mzigo mmoja. Kitabu nimekiweka juu ya friji, na risiti yako sijaitoa.