Kiapo cha Uraia wa Marekani Ni kwa Katiba, Si kwa Rais

Tangu mtihani mpya wa uraia uanze, simu za kituo chetu cha kufundisha waombaji uraia hazipumziki. Wakongo, Wakenya, Watanzania, wote wenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na karibu wote wanauliza maswali ni mangapi. Orodha ya kusomea ina 128. Aliyewasilisha fomu N-400, ile ya kuomba uraia, kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 anaulizwa hadi maswali 20, kwa mdomo, na sharti apate 12. Ukifikisha 12 sahihi afisa anakomea hapo. Ukikosa 9 anakomea pia. Ukishindwa, unaitwa tena mara moja, kati ya siku 60 na 90 baadaye. Ukishindwa mara ya pili ombi linakataliwa, na kuomba upya ni kulipa ada upya. Aliyewasilisha kabla ya tarehe hiyo anabaki na mtihani wa zamani: maswali 10, apate 6.

Mzee wa miaka 65 au zaidi, mwenye grini kadi kwa miaka 20, ana orodha yake fupi ya maswali 20 na anaweza kujibu kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Tafadhali, msimkaririshe bibi maswali 128 bure.

Huku kukariri ndiko kunakonichosha. Sheria inamtaka mwombaji awe ameshikamana na misingi ya Katiba, na mtihani umejengwa juu ya misingi hiyo: utawala wa sheria, mamlaka ya wananchi, mgawanyo wa madaraka, uhuru wa dini na wa kusema. Wamarekani wanagombana juu ya kodi, bunduki, na juu yetu sisi wahamiaji. Ila wanapogombana, kila upande hushika karatasi zile zile mbili, Tangazo la Uhuru la 1776 na Katiba ya 1787, na kumwambia mwenzake: wewe ndiye uliyeziacha. Martin Luther King, mjini Washington mwaka 1963, hakuwaletea imani mpya. Aliwadai walipe deni waliloandika kwa mkono wao katika karatasi hizo.

Sasa mtu ananiuliza darasani: “Mwalimu, afisa akitaka kujua chama changu, niseme kipi?” Hakuna chama cha kusema. Kiapo kinataja Katiba na sheria. Jina la rais halimo. Mwaka 1943, vita ikiwa imepamba moto, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mwanafunzi hawezi kulazimishwa kuipigia bendera saluti, katika kesi ya familia za Mashahidi wa Yehova wa West Virginia. Hata leo, ambaye dini yake inamkataza kushika silaha anaweza kuomba ahadi ya kushika silaha iondolewe kwenye kiapo chake. Naelewa, wengi tumetoka kulikotundikwa picha ya rais katika kila duka. Lakini jamani, miaka mitano hapa si haba.

Kinachowaponza watu wetu hasa ni kura. Katika majimbo mengi, ofisi ya leseni ya udereva hukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Anayejibu “ndiyo” kwa adabu tu, ili asionekane mkaidi, anatia saini kwamba ni raia. Kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho bila kuwa raia kuna faini, kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili, na kunaweza kukufukuzisha nchini. Kudai uraia kwa uongo ili uandikishwe, kifungo chaweza kufika miaka mitano. Grini kadi si uraia; nimelisema hili mara nyingi mno.

Kama tayari umeandikishwa, onana na wakili wa uhamiaji kabla ya kupeleka N-400. Sisi kituoni hatutoi ushauri wa kisheria. Fomu yenyewe inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na afisa anaweza kukuuliza tena kwenye usaili, ukiwa umeshaapishwa kusema kweli.