Kwa nini mashine ya kutafutia dhahabu hulia pasipo na dhahabu?

Wachimbaji wadogo wa kanda ya kati ya Tanzania, kuanzia Iramba na Ikungi hadi Manyoni, wana malalamiko mawili kuhusu detekta, ile mashine yenye mpini mrefu na koili, yaani waya uliozungushwa, ya mviringo chini. La kwanza: inalia kutwa nzima, unachimba, unakuta msumari au hukuti kitu kabisa. La pili ni kinyume chake: unaipitisha juu ya jiwe la mbale, yaani mwamba wenye dhahabu, lililotoka kwenye rifu (mkanda wa mwamba huo) ambayo kila siku inatoa dhahabu karashani, kwenye mashine ya kuponda mawe, nayo inanyamaza. Mwenye mashine huamua kwamba ameuziwa kimeo. Mara nyingi mashine ni nzima. Malalamiko yote mawili yana chanzo kimoja: detekta haiijui dhahabu.

Inachokijua ni kitu kinachopitisha umeme. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba usumaku unaobadilika huzaa umeme. Koili ya detekta hupewa umeme unaobadilika haraka sana, hivyo hutoa usumaku unaopanda na kushuka kuelekea ardhini. Usumaku huo ukikutana na kipande cha metali, ndani ya kipande huzuka mkondo mdogo wa umeme unaozunguka. Mkondo huo nao huzaa usumaku wake, dhaifu, unaorudi juu na kunaswa na koili. Mashine hupima badiliko hilo na kuligeuza sauti kwenye hedifoni. Katika safari yote hiyo hakuna mahali panapoulizwa kama kitu kilichojibu ni dhahabu, shaba, risasi au kizibo cha soda.

Tatizo hili ni la zamani kama mashine yenyewe. Mwaka 1881 rais wa Marekani James Garfield alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaitwa na chombo chake cha kutambua metali ili aitafute risasi mwilini. Alishindwa, na sababu mojawapo ni springi za chuma zilizokuwa kwenye kitanda cha mgonjwa. Leo mtu anaingia porini na buti lenye chuma kidoleni, simu mfukoni na sululu begani, kisha anashangaa kelele.

Takataka za chuma ndizo sababu rahisi, na dawa yake ni rahisi vilevile. Funga sumaku, hata ile ya spika mbovu, kwenye sululu au mwisho wa kijiti, uipitishe kwenye udongo uliouchimbua. Msumari na kipande cha waya vitashikwa. Dhahabu haishikwi na sumaku. Risasi, bati laini la pakiti ya sigara na vizibo vya alumini havishikwi pia, kwa hiyo vinabidi vitolewe kwa mkono, na mtu asiyekuwa na subira ya kuvitoa ndipo anapoacha dhahabu nyuma yake.

Sababu ngumu ni ardhi yenyewe. Udongo mwekundu wa kwetu umejaa chuma. Kokoto zile nyekundu tunazomwaga barabarani, zile zinazoacha vumbi kwenye kola ya shati kutoka Manyoni hadi Kongwa, zina madini ya chuma ya aina kadhaa, na mawili kati yake, magnetaiti na maghemaiti, yana usumaku wa kutosha kuisumbua detekta. Jiwe lenye madini hayo kwa wingi kuliko udongo unaolizunguka hutoa mlio unaofanana na wa kitu cha kweli. Moto pia una mkono wake hapa. Joto la moto wa nyika linaweza kugeuza madini ya kawaida ya chuma yaliyo kwenye tabaka la juu la udongo kuwa maghemaiti, hasa penye majani na mizizi iliyooza. Ndiyo maana shamba lililochomwa mwaka hadi mwaka linaweza kupiga kelele kuliko kichaka cha jirani yake.

Chumvi ni balaa jingine. Maji yenye chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo ukiingia kwenye ardhi ya chumvi iliyolowa, kama pembezoni mwa bwawa la Bahi baada ya mvua, mashine inaona ardhi nzima kama kitu kimoja kikubwa kinachojibu. Hapo bora kusubiri kiangazi, au kwenda kwingine.

Watengenezaji wamejibu tatizo la ardhi kwa njia mbili. Mashine za aina ya kwanza hutoa mawimbi bila kukatika, na zile za dhahabu hufanya hivyo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Hizi zina wepesi wa kusikia punje ndogo, lakini kwenye udongo wenye chuma kingi huchanganyikiwa. Aina ya pili hupiga usumaku kwa mapigo: inapiga, inakata, inasubiri sehemu chache za milioni za sekunde, ndipo inasikiliza. Katika muda huo mfupi jibu la udongo huwa limepungua sana, na kilichobaki ni jibu la metali. Aina hii huenda chini zaidi katika udongo mwekundu na bei yake kwa kawaida ni kubwa zaidi. Udhaifu wake ni kwamba haitofautishi vizuri chuma na visivyo chuma, hivyo utachimba misumari mingi. Kwa ardhi yetu, mtu akiniuliza, ningechagua mapigo na kuvumilia misumari.

Aina zote mbili zinahitaji kusawazishwa na ardhi. Unaishika koili juu ya mahali pasipo na metali, unaiinua na kuishusha huku ukirekebisha, mpaka mlio wa ardhi upotee. Nyingi za kisasa hujisawazisha zenyewe, lakini ukitoka kwenye udongo mwekundu ukaingia kwenye mchanga mweupe wa korongo, simama urudie. Wengi hawasimami.

Sasa lile la pili, mashine kunyamaza juu ya mbale. Mgodi wa rifu unaweza kulipa ukiwa na gramu 5 tu za dhahabu katika tani nzima ya mwamba. Hizo gramu 5 hazikukaa pamoja. Zimetapakaa katika kwatzi, lile jiwe jeupe gumu, kama chembe ambazo nyingi hazionekani kwa macho. Mkondo wa umeme unahitaji nafasi ya kuzunguka ndani ya metali. Katika chembe ndogo kama vumbi nafasi hiyo haipo, na chembe zisizogusana haziwezi kuungana zikawa kitu kimoja. Kwa hiyo jiwe lenye dhahabu halali linaweza kupita chini ya koili likiwa bubu, wakati kipande cha gramu moja kilicho peke yake kinalia. Detekta ni chombo cha kutafutia vipande, na kwa dhahabu ya rifu bado utahitaji kuponda, kuosha kwenye karai na kupima maabara.

Umbo nalo lina uzito. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipungukiwa pesa wakapiga sarafu za dhahabu za rupia 15 mjini Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke huko Iramba. Zina picha ya tembo na uzito wa gramu 7 na kitu, robo tatu yake ikiwa dhahabu. Sarafu ya namna hiyo ikilala bapa ardhini italia kwa nguvu, kwa sababu mkondo unapata mzunguko mpana usio na kikwazo. Kipande cha asili chenye uzito huohuo lakini kilichojaa matundu na kwatzi katikati kitatoa sauti hafifu kuliko hiyo. Anayesubiri mlio mkubwa tu ataviacha vipande vya namna hii.

Kuhusu kina, hapa ndipo watu wanapodanganywa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Usumaku wa koili hupungua haraka kadiri unavyoshuka, na jibu la kipande nalo hupungua kwa kasi hiyohiyo linapopanda. Kwa kipande kidogo kilicho mbali na koili, ukizidisha umbali mara 2, jibu linapungua mara 64. Punje ya ukubwa wa mchele hupatikana sentimita chache tu kutoka kwenye koili. Bonge kubwa hupatikana chini zaidi, lakini hata bonge maarufu kuliko yote yaliyowahi kupatikana kwa detekta, lile la kilo 27 lililoitwa Hand of Faith, lilikuwa kwenye kina cha sentimita 30 hivi pale Kingower, Australia, mwaka 1980. Koili kubwa huongeza kina lakini hupoteza punje ndogo. Hakuna koili inayopata vyote.

Kwa hiyo mtu akikuletea kifaa chenye kishikio na antena kinachozunguka chenyewe, akisema kinaona dhahabu iliyo mita 100 mbele au mita 20 chini, usimpe hela yako. Hakuna nguvu ya asili inayotoka kwenye dhahabu iliyozikwa na kusukuma antena mkononi mwa mtu. Jambo hili linanikera, kwa sababu wanaolizwa ni watu walioweka pamoja akiba ya mazao au kuuza mifugo. Ulaghai huu umefika mbali: Mwingereza James McCormick aliuza kwa serikali za nchi kadhaa vifaa vya antena vilivyoitwa ADE 651, eti vya kutambua mabomu, ilhali ndani havikuwa na chochote kinachofanya kazi, na vilitokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Mahakama ya London ilimfunga miaka 10 mwaka 2013. Jaribio la kumbaini tapeli ni jepesi. Zika pete ya dhahabu mahali asipopaona, katika mashimo kumi yanayofanana, umwombe aipate mara kadhaa mfululizo.

Detekta ya kweli nayo ina mipaka kwa upande wa vito. Rubi za Winza kule Mpwapwa na yale mawe ya kijani ya krisopresi ya Haneti hayapitishi umeme, kwa hiyo hayatalia hata yakijaa kwenye ndoo. Atakayekuuzia mashine hii kwa ajili ya vito hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Basi anayefanikiwa anafanyaje? Anasoma ardhi kabla ya kuwasha mashine. Vipande vya dhahabu hutoka kwenye mikanda ya kwatzi inapochakaa kwa mvua na jua. Kwatzi inavunjika, dhahabu inabaki, na kwa kuwa ina uzito wa mara 19 ya maji hukaa karibu, kwenye mteremko chini ya mkanda, kisha huteremka polepole hadi kwenye korongo na kujificha kwenye nyufa za mwamba wa chini. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ina makao yake Dodoma na ina ramani za jiolojia zinazoonyesha aina za miamba. Siku moja ya kuangalia ramani hizo ina faida kuliko wiki ya kutembea ovyo.

Akiwa shambani, anapepesa koili taratibu, karibu kabisa na udongo, bila kuiinua mwishoni mwa kila mpepeso, na kila mpepeso ukigusa sehemu ya uliotangulia. Anapopata mlio, anakwangua udongo wa juu sentimita 2 au 3 na kupima tena. Mlio ukiongezeka, kuna kitu chini. Ukipotea, huenda ulikuwa wa udongo. Ukihama pamoja na jiwe alilolisukuma kwa mguu, alipime jiwe hilo peke yake pembeni. Shimo likishachimbwa, udongo hugawanywa mara mbili mbili kwenye kikombe cha plastiki na kupitishwa juu ya koili, mpaka kibaki kiganja kimoja chenye kitu kinacholia.

Kitu hicho bado hakijathibitishwa. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ndogo ya kielektroniki, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza kipande kwa uzi ndani ya maji bila kugusa chini. Gawanya uzito wa kipande kikiwa kikavu kwa namba inayosomeka sasa. Kipande cha gramu 10 kikionyesha 0.55, jibu ni 18 na kitu, na hiyo inaelekea dhahabu yenye madini ya fedha kidogo. Kikionyesha 0.88 ni risasi. Kikionyesha 2 huenda ni pairaiti, ile inayong'aa na kuwadanganya wageni. Dhahabu iliyoshikamana na kwatzi itatoa namba ya chini kuliko dhahabu tupu, kwa hiyo usiitupe haraka.

Haya yote yafanyike penye leseni. Sheria ya Madini, Sura ya 123, hairuhusu kutafuta wala kuchimba madini bila leseni, hata kama unachobeba ni detekta na sululu moja, na leseni ndogo ya uchimbaji ni ya Watanzania. Mwenye shamba naye ana haki yake juu ya ardhi, hivyo kubaliana naye mapema na kwa maandishi. Dhahabu ikipatikana, peleka kwenye soko la madini; masoko hayo yalianza kufunguliwa mwaka 2019, na huko hupimwa mbele yako na kulipiwa kwa bei inayofuata soko la dunia, ambayo unaweza kuiuliza kabla hujaondoka nyumbani.