Fahirisi ya h: namba ya mtafiti na namna ya kuisoma

Wanafunzi wa kompyuta hapa Mtwara hunijia mara kwa mara na simu mkononi, wakinionyesha ukurasa wa mtafiti fulani wa uhandisi wa programu. Juu ya orodha ya makala zake kuna namba mbili: jumla ya mara alizorejelewa na waandishi wengine, na chini yake fahirisi ya h. Namba ya kwanza wanaielewa. Ya pili huwatatiza, nami naona inastahili kuelezwa taratibu.

Mtafiti ana fahirisi ya h ya 5 iwapo makala zake tano zimerejelewa angalau mara 5 kila moja, na hana makala sita zilizofikia mara 6 kila moja. Tuseme mtu ameandika makala saba, na ukizipanga kuanzia iliyorejelewa zaidi unapata 40, 22, 9, 6, 5, 3 na 0. Shuka nazo ukihesabu nafasi: makala ya nne ina marejeleo 6, imepita, ya tano ina 5, imefika, ya sita ina 3 tu, imekwama. Fahirisi yake ni 5. Sasa mchukue mwenzake mwenye makala tatu tu, zenye 300, 2 na 1. Jumla yake ni kubwa zaidi ya mara tatu, lakini fahirisi yake ni 2, kwa sababu makala moja iliyovuma haiwezi kuzibeba nyingine.

Kipimo hiki kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Kazi ya kuhesabu nani amemrejelea nani ilikuwa imeanza zamani zaidi, pale Eugene Garfield alipotoa faharasa yake ya marejeleo ya kisayansi mwaka 1964. Garfield alitaka kwanza kumsaidia msomaji kufuata wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Kuwapima watu kulikuja baadaye, na kwa maoni yangu hapo ndipo uangalifu ulipoanza kupungua.

Uhandisi wa programu una tabia zake. Katika taaluma nyingi kazi nzito hupelekwa kwenye majarida, lakini katika fani hii mikutano mikubwa ya kimataifa, kama ICSE iliyoanza mwaka 1975, huchuja makala kwa ukali na kuheshimiwa sawa na majarida. Kwa hiyo hifadhidata isiyokusanya vizuri makala za mikutano humpunja mtafiti wa fani hii. Isitoshe, mtu anaweza kuandika programu inayotumiwa na maelfu ya watengenezaji kila siku bila hata mmoja wao kuandika makala ya kuirejelea. Matumizi hayo hayaingii katika fahirisi ya h hata kidogo, na hilo ndilo pengo linalonisikitisha zaidi.

Mkulima wa korosho wa huku kwetu hahitaji kufundishwa kwamba hesabu sawa si ubora sawa. Magunia mawili ya kilo 80 hulingana kwenye mizani, lakini sampuli ikikatwa, punje nzuri za gunia moja hutoka nzito na za jingine hutoka nyepesi au zimeoza. Marejeleo nayo yanahitaji kukatwa hivyo hivyo. Makala inaweza kutajwa katika sentensi moja ya utangulizi, pamoja na nyingine nane ndani ya mabano yaleyale, na hakuna aliyeisoma hadi mwisho. Nyingine inarejelewa kwa sababu mwandishi amechukua mbinu yake, akaijaribu kwenye programu nyingine na kueleza ilipokatalia. Makala ya David Parnas ya mwaka 1972, kuhusu namna ya kuigawa programu katika moduli (vipande vyake vidogo), ni ya aina hii ya pili: wazo lake la kuficha ndani ya kila moduli uamuzi unaoweza kubadilika bado linafundishwa darasani. Hata hivyo, katika hesabu ya fahirisi, rejeleo la mabanoni na rejeleo la kazi hiyo ya kina kila moja ni 1.

Fahirisi ya h haishuki kamwe, hivyo aliyeanza mapema hutangulia hata akiwa ameacha kuandika. Haiulizi kama makala ilikuwa na waandishi wawili au ishirini. Mtu akijirejelea mwenyewe pia huhesabiwa, isipokuwa hifadhidata iwe imeyaondoa marejeleo hayo.

Mwanafunzi anayeandika namba hii katika pendekezo la utafiti mimi humtaka ataje pia hifadhidata na tarehe aliyoitazama, kwa kuwa mtafiti huyohuyo huweza kuwa na fahirisi kubwa katika Google Scholar, inayokusanya hata tasnifu na ripoti, na ndogo katika Scopus, inayochagua majarida na mikutano ya kuingiza. Kisha humwomba afungue makala tatu zilizomrejelea mtafiti huyo na kunionyesha sentensi zenyewe.